Baada ya "Jioni Njema": Miaka Thelathini na Moja ya Dada Taratibu

Ijumaa ya tarehe thelathini mwezi huu, taarifa ya habari ya saa moja jioni itakapokwisha, mwenzetu tunayemwita Dada Taratibu atazima taa ya mezani pake, atachukua mkoba wake na kustaafu, baada ya kuitumikia stesheni hii kwa miaka thelathini na moja na miezi minne. Katika muda huo wote ameomba siku kumi na tisa tu za ugonjwa. Karani wa utumishi alizihesabu mara mbili, maana hakuamini.

Mhariri wa jarida letu la wafanyakazi aliniomba maneno mia nane, yawe ya kuchangamsha, na kama ilivyo kawaida ya jarida hili yasiwe na malalamiko. Maneno nimezidisha, anisamehe. Malalamiko sina, ila nina jambo la kukiri, na nataka liandikwe kabla ya Ijumaa, Dada Taratibu akiwa bado mwenzetu na kitambulisho chake bado kinafungua mlango. Ndani ya jalada lake la utumishi kuna barua ya onyo, moja tu, ya mwaka wake wa tano kazini. Barua hiyo inasema alikosa peke yake. Si kweli. Mimi ninayeandika, yule msomaji wa tai za mistari mnayemwona kila jioni, nalijua hilo kuliko mtu yeyote, na nimelinyamazia kwa miaka ishirini na sita.

Lakini taratibu, kama anavyosema mwenyewe. Tuanze mwanzo.

Aliingia hapa akiwa na miaka ishirini na minane, mpiga chapa aliyetoka mahakamani. Huko alizoea kuandika maneno ya watu watano wanaosema kwa pamoja, kwa hiyo chumba cha habari hakikumtisha hata kidogo. Siku yake ya tatu, mhariri wa zamu alimpigia kelele kwamba saa inakimbia. Akainua macho kutoka kwenye mashine, akamwambia, "Taratibu, baba. Saa haina miguu." Chumba kizima kikaangua kicheko, na jina likamganda siku hiyo hiyo. Leo hata walinzi wa getini hawajui jina lake la cheti.

Baada ya miezi saba akahamishiwa kwenye kioo. Kwa wenzetu wa usafirishaji na wa stoo ambao hawajawahi kuingia studio, nieleze kidogo. Msomaji wa habari hakariri chochote, msidanganyike. Mbele ya kamera kuna kioo, na juu ya kioo hicho maneno hupanda polepole, msomaji akayasoma huku anakutazama machoni kana kwamba mmesoma darasa moja. Siku hizi maneno hutoka kwenye kompyuta, na mkono huzungusha kitufe tu. Zamani zile yalipigwa chapa kwenye karatasi, karatasi zikaungwa kwa selotepu hadi zikawa mkeka mrefu, na mkeka huo ukapitishwa chini ya kamera ndogo kwa mkono wa mtu. Mtu huyo alikuwa yeye, ndani ya chumba kisicho na dirisha, juu ya kiti chenye magurudumu matatu na kipande cha ubao mahali pa gurudumu la nne.

Msidhani ni kazi ya kuzungusha tu. Ukienda mbio, msomaji anasoma kama anayefukuzwa na mbwa. Ukichelewa, anakodoa macho na watu nyumbani wanaanza kuulizana kama ameugua. Dada Taratibu hakufuata maneno, alifuata pumzi. Kwenye vipaza sauti vya masikioni alisikia nani huvuta hewa kabla ya jina la kigeni, nani humeza mate akiona tarakimu ndefu, na nani (hapa najisema mwenyewe) hujisahau kwa kuifurahia sauti yake. Akaanza kutia alama zake kwenye mkeka. Mkwaju mmoja, yaani mstari wa mshazari, vuta pumzi kidogo. Mikwaju miwili, pumua vizuri. Mitatu, simama kabisa, hapa pana uzito. Alama hizo leo zinafundishwa kwa kila msomaji anayeajiriwa hapa, na nimeziona hata kwenye karatasi za stesheni nyingine ambazo hazijui zilikotoka.

Wakati huo msomaji wetu mkongwe alikuwa Mzee Neno kwa Neno, Mungu amrehemu. Alikuwa na sauti ya kumwapisha jaji, na imani yake ilikuwa moja: kilichoko kwenye kioo husomwa. Siku moja mpiga chapa mgeni alisahau kufuta maelekezo katikati ya habari ya ukame, na mzee akatutangazia kwa huzuni kubwa, "Inua uso, tabasamu kidogo." Tuliambiwa wako watazamaji waliotii. Mkumbukeni mzee huyu, maana tutamhitaji tena.

Sasa hili wengi wenu hamlijui. Dada Taratibu alikitaka kiti cha mbele ya kamera. Alikitaka hasa, si kwa maneno ya baraza la chai. Kila mchana watu wakienda kula, alikuwa akiingia studio tupu na taarifa ya jana mkononi, anaketi, na kuisomea kamera zilizozimwa kuanzia salamu mpaka kwaheri. Fundi wa taa, ambaye hakuwahi kumpenda mtu hapa kazini, alikuwa akimwashia taa moja na kujifanya anatengeneza waya. Mimi nilimkuta siku moja, nikasimama nyuma ya pazia. Alisoma habari ya mgomo wa wauguzi, habari niliyoiandika mwenyewe, na ndipo nilipoielewa.

Nami nilikitaka kiti hicho hicho. Nilikuwa mwandishi wa matukio, mwenye suruali moja ya kijivu iliyokuwa iking'aa magotini, na niliamini kabisa kwamba nchi nzima ilikuwa ikinisubiri. Nilipoanza kupewa zamu za kusoma mwisho wa wiki, nilimwomba anifundishe kupumua. Nilikuwa nikikaa juu ya kasha la kanda mle chumbani mwake, yeye ananimiminia chai ya chupa, ananisomesha sentensi moja mara kumi. Nilikwenda kujifunza kupumua, nikatoka nimesahau kabisa.

Hivyo ndivyo ukanda ulivyoanza. Kila nilipomaliza kusoma na kusema "jioni njema," yeye alikuwa akisogeza mkeka vidole viwili zaidi, na pale mwishoni palikuwa na ukanda mwembamba wa karatasi alioubandika mwenyewe, wenye mstari mmoja wa kusomwa na mimi tu, kimya kimya, wimbo wa taarifa ukianza. "Tai imepinda." "Leo umemeza waziri mzima." "Chai iko kwenye chupa, usichelewe." Nami nilitabasamu. Watazamaji walidhani nawatabasamia wao. Barua zilimiminika. Mama mmoja aliandika kwamba tabasamu langu la mwisho linamfanya alale vizuri. Nataka leo ajue, popote alipo, kwamba tabasamu lile halikuwa lake, na wala mimi sikulitoa bure.

Mwaka wa tano wa Dada Taratibu, msomaji mkuu wa wakati ule alimfuata mumewe ng'ambo, na kiti kikabaki wazi. Majina yalibaki mawili: langu na lake. Mpango ulikuwa hivi. Mimi nisome taarifa ya saa moja kwa majaribio Jumatatu hadi Ijumaa. Yeye afanyiwe jaribio la sauti na picha Alhamisi mchana mbele ya mkurugenzi wa habari, na akifaulu, wiki inayofuata iwe yake. Tulikubaliana kwamba atakayekosa atamnunulia mwenziwe chakula cha mchana na hatanuna. Tulicheka, lakini kila mmoja wetu usiku alikuwa akiota kiti.

Jumanne jioni, nyuma ya karatasi yangu ya mwisho, nikamwandikia kwa penseli: "Nimlete mama kwenu?" Nikamwachia mezani, nikatoka mbio kama mwizi. Kesho yake asubuhi tulikutana kwenye ngazi. Alikuwa ameibana karatasi ile ndani ya mkoba. Akaniambia jibu nitalipata mahali pa kawaida.

Jumatano, saa kumi na mbili na nusu, ghala la magodoro likawaka moto. Ningeweza kubaki. Walikuwapo waandishi wengine wanne waliokuwa wamekaa bure. Lakini nilifikiri: nikitangaza moja kwa moja kutoka kwenye moto, basi kiti ni changu. Nikaomba niende, nikaruhusiwa, nikaondoka bila hata kupita chumbani kwake kumwambia. Kiti changu akapewa Mzee Neno kwa Neno.

Dada Taratibu alijua kwamba sipo pale sauti ya mzee ilipoingia masikioni mwake badala ya yangu. Mkeka ulikuwa umeshaanza kupita, na ukanda umebandikwa mkiani. Mikono yote miwili ilikuwa kazini. Aliamua, na ulikuwa uamuzi wa mtu anayeijua kazi yake, kwamba atasimamisha mkeka kwenye "jioni njema" na ukanda hautaonekana. Na akausimamisha. Ila mzee siku ile alisoma upesi, akamaliza sekunde nne kabla ya wimbo, na badala ya kuinamisha kichwa akabaki anakitazama kioo, akisubiri. Muongozaji wa matangazo, kwa kuona mzee anasubiri, alidhani maneno yamebaki. Akapiga kelele kwenye vipaza sauti: "Sogeza! Sogeza!" Na mkono wa Dada Taratibu, uliokuwa umeitii sauti hiyo kwa zaidi ya miaka minne, ukasogeza.

Mzee Neno kwa Neno aliisomea nchi, kwa sauti ile ile aliyotangazia misiba ya kitaifa: "Nimekubali. Mlete mama Jumapili, na ile suruali ya kijivu usiivae."

Kisha akasema jioni njema kwa mara ya pili, maana alikuwa mtu wa adabu.

Mimi niliisikia ndani ya gari la matangazo, huku natokwa machozi ya moshi. Niliruka nikagonga kichwa kwenye paa. Kwa dakika tatu hivi hapakuwa na mtu mwenye furaha kama mimi chini ya jua. Dakika ya nne nikakumbuka kiti.

Asubuhi simu zilikuwa zimelia mpaka opareta akavua viatu. Watu walitaka kumpongeza Mzee Neno kwa Neno. Mke wa mzee, aliyeishi naye miaka thelathini, alikuja mwenyewe mpaka mapokezi kuuliza ni mama wa nani huyo anayeletwa Jumapili, na mzee alipewa siku mbili za mapumziko ili akajieleze nyumbani. Watu walicheka hadi kulia. Mkurugenzi wa habari hakucheka. Alituita sote tuliokuwa zamu, watu sita, tukasimama mbele ya meza yake kama wanafunzi.

Aliuliza swali moja tu: mstari ule ulikuwa wa nani? Dada Taratibu aliinua macho. Alinitazama. Hakunitazama kwa hasira wala kwa kuniomba. Alinitazama kama anavyomngoja msomaji avute pumzi. Alinipa muda, wallahi alinipa muda wa kutosha. Nami nikaangalia kalenda ukutani. Ilikuwa na picha ya maporomoko ya maji, na naikumbuka mpaka leo kila tone. Suruali ya kijivu nilikuwa nimeivaa. Nadhani mkurugenzi aliiona. Lakini alikuwa anahitaji msomaji wa Jumatatu, na ukweli ungemharibia hesabu zake.

Dada Taratibu akageuka, akasema ulikuwa mzaha wake mwenyewe na hakuna mwingine aliyehusika. Barua ya onyo ikachapwa kabla ya saa nne. Jaribio lake la mchana likafutwa. Mkurugenzi alisema mtu aliyeshindwa kukilinda kioo hawezi kupewa kiti. Jumatatu iliyofuata kiti kikawa changu, na nimekikalia mpaka leo.

Nilijiambia nitasema nikishazoea kidogo. Halafu nikishathibitishwa. Halafu mkurugenzi yule akishaondoka. Akaondoka, akaja mwingine, akaondoka naye. Mtu akitaka kisingizio hakosi.

Jumapili ile nilikwenda kwa dada yake, alikokuwa akiishi. Nilivaa suruali nyeusi. Mama sikumleta. Alinikaribisha, akaniwekea chai, akaniuliza kama kichwa kimepona baada ya kugonga paa la gari, maana dereva alishamsimulia. Nilipoanza kujieleza akanizuia kwa mkono. "Mimi nilijibu mbele ya nchi nzima," akasema. "Wewe ulishindwa mbele ya watu sita." Hakupandisha sauti. Akanisindikiza hadi barabarani, na hatukulizungumza tena mpaka mwezi uliopita.

Wenzangu, hebu fikirini Jumatatu ile. Ninaketi kwenye kiti nilichokipata kwa kunyamaza, na maneno yangu yote yako vidoleni mwa mtu niliyemnyamazia. Angeweza kunizamisha. Robo ya mzunguko tu ingetosha, mstari uruke, mimi niachwe nimeachama mbele ya kila nyumba nchini, na asingelaumiwa, maana mashine zile zilikuwa mbovu na kila mtu alijua. Jasho lilinitoka kabla ya wimbo. Kisha maneno yakaanza kupanda. Yalipanda kwa mwendo wa pumzi yangu hasa. Nilipokwama kwenye jina la balozi yakaningoja, nilipopata nguvu yakanifuata. Sikuwahi kusoma vizuri vile. Nikasema jioni njema, nikatazama chini ya mstari wa mwisho. Palikuwa peupe.

Barua za watazamaji zilipungua. Waliuliza tabasamu limekwenda wapi. Mkurugenzi aliniagiza nijifunze mbele ya kioo cha bafuni, na nilijifunza. Hilo mnaloliona siku hizi ndilo la bafuni.

Dada Taratibu hakukaa akijihurumia. Mwaka wa tisa alipewa kusimamia vioo vyote vya studio tatu. Kompyuta zilipokuja na wakongwe wakatishia kustaafu kwa pamoja, yeye alijifunza kwanza, kisha akawafundisha mmoja mmoja, mpaka Mzee Neno kwa Neno, aliyeishi akiamini ndani ya mashine ile kuna mtu. Siku umeme ulipokatika katikati ya taarifa ya matokeo ya uchaguzi, aliingia studio kwa magoti na karatasi na tochi, akazishika chini ya kamera ukurasa kwa ukurasa kwa dakika kumi na moja, na hakuna mtazamaji aliyejua. Amewafundisha wasomaji kumi na tisa. Watatu wako stesheni kubwa ng'ambo. Mmoja ni mkurugenzi wetu wa habari wa sasa, ambaye bado akiwa na hotuba ngumu huteremka ngazi na karatasi zake kwenda kutiwa mikwaju. Yeye mwenyewe hakuombwa tena kukaa kwenye kiti. Kila nafasi ilipotokea, mtu alifungua jalada, akaiona barua, akalifunga.

Nyumbani amejaliwa. Miaka minne baada ya mambo yale aliolewa na mwalimu wa hisabati, mtu mpole ambaye hutazama taarifa huku ameshika kalamu na kumpa mkewe alama kwa namna macho ya msomaji yanavyotembea. Wana mabinti wawili, mmoja rubani na mmoja mwanafunzi wa sheria. Mwalimu tumekutana mara nyingi kwenye hafla. Ananisalimu vizuri kuliko ninavyostahili, na siku moja aliniambia kwa utani kwamba ananishukuru. Nilicheka. Nilipofika nyumbani sikula.

Ukanda ulirudi mara moja tu. Ni miaka kumi na miwili sasa. Mama yangu alifariki asubuhi, nami kwa ubishi wa kijinga nikasisitiza kusoma jioni, kana kwamba taarifa haiwezi kwenda bila mimi. Mama alikuja kumjua Dada Taratibu kwenye hafla za hapa kazini, walipatana sana, na mpaka anaingia kitandani mara ya mwisho alikuwa akiniuliza yule binti wa suruali hajambo. Nilisoma mpaka mwisho bila kutetereka. Nikasema jioni njema. Maneno yakapanda tena kidogo, na chini yake pakaja mstari: "Pole sana. Nenda nyumbani sasa." Walionitazama wakati huo waliona msomaji wao anafunika uso. Sasa mnajua sababu.

Mwezi uliopita nilimfuata chumbani kwake nikamwambia ninachotaka kuandika. Alicheka kwanza. Akasema nisimwandikie kama marehemu. Kisha akasema, "Haya, andika. Lakini usijipambe, wala usijichafue mpaka watu wakuonee huruma wewe badala yangu." Mke wangu naye, ambaye yote haya nilishamwambia kabla hatujaoana, aliisoma rasimu jikoni, akaniambia imechelewa sana na niipeleke hivyo hivyo.

Nilimpa Dada Taratibu rasimu Jumatatu. Jumanne nikaikuta mezani kwangu, imejaa mikwaju yake ya kalamu nyekundu, kana kwamba ni taarifa ya kusomwa. Mmoja hapa, miwili pale. Maneno "Nami nikaangalia kalenda ukutani" ameyawekea mitatu.

Kuhusu jalada: mkurugenzi wa habari amekubali kwa maandishi. Ukurasa huu, wenye sahihi yangu, utawekwa juu ya barua ile ya onyo, na barua yenyewe itapigwa muhuri kwamba imefutwa. Nimemwambia pia kwamba kama anaona sifai tena kuketi pale, kiti kipo, achague mtu. Amesema tutazungumza Jumatatu, na nitakwenda.

Hapa ndipo rasimu aliyoiona ilipoishia. Yanayofuata nimeyaongeza leo asubuhi, na yeye atayasoma pamoja nanyi.

Ijumaa, Dada Taratibu, hutaketi chumbani kwako. Wasomaji wako wote kumi na tisa, wakiwemo wale watatu wa ng'ambo waliotuma ujumbe, wameomba kwa mkurugenzi na wamekubaliwa: taarifa ya saa moja ya siku hiyo utaisoma wewe, kuanzia salamu mpaka kwaheri. Fundi wa taa, ambaye alistaafu zamani, anarudi kwa siku moja na amesema ataziwasha zote. Mimi nitakuwa kwenye kioo. Binti uliyemfundisha kazi amenifunda wiki nzima, na hukumu yake ni kwamba mkono wangu ni wa mtu anayekamua nguo. Nitajitahidi. Nitasikiliza pumzi yako, kama ulivyosikiliza yangu kwa miaka yote hii.

Na ukishasema jioni njema, usiinamishe kichwa upesi. Nitasogeza vidole viwili. Chini yake utaona mstari mmoja, ule uliokuwa ukiungoja pale mbele ya meza, wakati natazama maporomoko: "Ni mimi niliyemuuliza." Ukitaka, uache upite, uwe wako peke yako. Ukitaka, usome kwa sauti, nchi nzima isikie. Sekunde nne nimekuachia.

Kwa niaba ya chumba cha habari, studio tatu, walinzi wa getini na karani aliyehesabu mara mbili: asante, dada yetu. Uende kwa mwalimu wako na mabinti zako ukiwa na afya, uamke saa unayotaka, na usimsubiri mtu yeyote tena avute pumzi. Maisha yaliyobaki yawe mema kwako, na yaende kwa mwendo wako.